Redio ya Gari Ikikwaruza, Tazama Injini Kwanza

Labda kijijini kwenu lipo gari la zamani la petroli. Labda ni Land Rover ya miaka ya 1970, au pikapu ya chama cha ushirika. Gari hilo hupeleka mazao sokoni. Likirudi hubeba mbolea. Usiku mwingine humpeleka mgonjwa hospitali. Ndani yake mna redio. Injini ikiwa imezimwa, redio inasema vizuri. Injini ikiwashwa, inaanza: ta-ta-ta-ta. Dereva akikanyaga mafuta, hiyo ta-ta-ta nayo inakwenda mbio. Taarifa ya mvua husikii. Bei ya mahindi husikii.

Watu wengi husema, "Redio hii imekufa." Basi wanachanga fedha na kununua nyingine. Redio mpya inafungwa, na kelele ni ile ile. Mimi ni bwana shamba, si fundi wa redio. Lakini kazi yangu hunisafirisha sana kwa magari ya namna hii, na nimekaa na mafundi wengi chini ya miembe. Kelele hii ina chanzo chake, na mara nyingi dawa yake ni bei ndogo kuliko redio mpya.

Kelele inatoka wapi?

Katika injini ya petroli, mafuta huwashwa kwa cheche. Betri ina volti 12 tu. Nguvu hiyo haitoshi kurusha cheche. Kwa hiyo kuna koili. Koili huupandisha umeme mpaka unazidi volti 10,000. Kisha distributa huugawa umeme huo kwa plagi, moja baada ya nyingine, kwa zamu. Umeme unaruka mwanya mdogo wa plagi, na hiyo ndiyo cheche.

Injini ya silinda 4 hupiga cheche 2 kila inapozunguka mara moja. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ni cheche 6,000 kwa dakika. Gawanya kwa 60. Utapata cheche 100 kila sekunde.

Sasa sikiliza. Cheche haitoi moto na mwanga tu. Hutoa pia mawimbi ya redio. Mjerumani mmoja, Heinrich Hertz, alilionyesha jambo hili miaka ya 1886 hadi 1888. Alirusha cheche upande mmoja wa chumba. Upande wa pili aliweka waya uliokunjwa kama pete, wenye mwanya mdogo. Kwenye mwanya ule nako kukatokea cheche ndogo, ingawa hapakuwa na waya wa kuunganisha pande hizo mbili. Baadaye mitambo ya kwanza ya kupeleka habari bila waya ilitumia cheche hizo hizo.

Kwa hiyo chini ya boneti lako mna kituo kidogo cha redio. Kinatangaza ta-ta-ta tu. Waya za plagi ndizo eriali yake, na redio yako imekaa karibu nacho. Ndiyo maana inakisikia kuliko kituo cha mbali. Masafa ya kati na masafa mafupi ndiyo huumia zaidi. FM huumia kidogo.

Gari la dizeli halina plagi za cheche. Redio ya gari la dizeli ikipiga kelele, usitafute huko.

Pima kabla ya kununua kitu

Kwanza chomoa chaja ya simu. Siku hizi magari mengi ya zamani yana chaja iliyochomekwa penye kiwashio cha sigara, na nyingine za bei rahisi zina kelele kuliko injini. Zima pia taa za LED kama zimeongezwa. Kelele ikikoma, kazi imekwisha, na hukutumia hata shilingi.

Ikiwa haikukoma, simamisha gari mahali pa wazi. Vuta breki ya mkono, weka gia huru. Washa injini na usikilize vizuri. Sauti ya ta-ta-ta inayofuata mwendo wa injini ni ya cheche. Sauti nyembamba kama ya mbu, inayopanda injini inapopanda, ni ya alteneta au dainamo. Ni magonjwa mawili tofauti, na dawa zake si moja.

Sasa, injini ikinguruma, chomoa waya wa eriali nyuma ya redio. Kelele ikitoweka, ilikuwa ikiingia kwa eriali. Ikibaki, inaingia kwa waya wa umeme unaolisha redio. Mimi nalipenda jaribio hili kuliko yote. Ni kama kujua mbuzi wanapita wapi kabla ya kukata miti ya kujenga ua.

Ethi ndiyo huanza

Ukiniuliza fundi aanze wapi, nitasema ethi. Ethi ni njia ya umeme kurudi kwenye betri, kupitia chuma cha gari. Injini imekalia mipira. Mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo kuna waya mnene, mara nyingi wa kusukwa, unaounganisha injini na chesisi. Ukikatika au ukila kutu, kelele huongezeka.

Katika kijiji kimoja nilikuta chama kimenunua redio ya pili, na kelele haijaisha. Dereva akalalamika pia kwamba stata inazunguka kwa uvivu, na waya wa choki unapata moto kila akiwasha gari. Fundi alilala chini akaona waya wa ethi wa injini umekatika. Umeme mwingi wa stata ulikuwa ukitafuta njia ya kurudi, ukapita kwenye kawaya kembamba ka choki. Gari kama hilo linaweza kuungua. Linaweza pia kukataa kuwaka usiku mama mjamzito anaposubiri. Fundi akafunga waya mpya. Stata ikaamka, na kelele ya redio ikapungua sana.

Tazama na kitako cha eriali. Chini yake pasiwe na rangi wala kutu. Safisha kwa msasa mpaka chuma kionekane, kisha kaza nati. Kwenye Land Rover za zamani mabati mengi ya bodi ni aluminiamu, na chesisi ni chuma. Vikigusana penye unyevu huliwa haraka. Kagua viungo hivyo baada ya masika.

Waya za plagi na koili

Zima injini, uondoe waya wa betri. Toa waya za plagi kwa kushika kofia yake, usivute waya wenyewe. Kama waya ni za shaba tupu, cheche hutangaza kwa nguvu. Dawa ni kizuizi cha umeme. Unaweza kununua waya za kaboni, au kofia za plagi zenye kizuizi cha omu 5,000, au plagi zenye kizuizi ndani. Plagi hizo mara nyingi huwa na herufi R katika namba yake. Usifunge zote tatu pamoja. Vizuizi vikizidi, cheche inadhoofika.

Waya za kaboni nazo huzeeka na kukatika ndani. Ili kujua umeme unapovuja, fungua boneti usiku wa giza, injini ikiwa inazunguka polepole. Ukiona vicheche vya buluu kwenye waya au distributa, hapo ndipo. Tazama kwa macho tu. Usiguse, umeme ule ni mkali. Na kama pananukia petroli, acha jaribio hilo kabisa. Kifuniko cha distributa chenye ufa kinastahili kubadilishwa. Gari linalovujisha cheche ndilo linalogoma kuwaka asubuhi za mvua, na hula petroli bure.

Kwenye koili fundi anaweza kufunga kondensa ya redio, ya maikrofaradi 1 hivi. Hapa tahadhari. Koili ina waya mbili nyembamba. Mmoja unatoka kwenye swichi ya ufunguo. Mwingine unakwenda kwenye distributa. Kondensa ya redio hufungwa upande wa swichi, na bodi lake hukazwa kwenye chuma penye koili. Ikifungwa upande wa distributa, injini itakohoa au itakataa kuwaka. Usitegemee alama za + na −, kwa sababu magari mengine ya zamani sana yalifungwa ethi upande wa +. Fuata waya kwa mkono mpaka ujue umetoka wapi.

Kama kelele ni ile ya mbu, kondensa hufungwa kwenye waya mnene unaotoka alteneta kwenda kwenye betri. Kwenye dainamo, usiifunge kamwe kwenye waya mwembamba wenye alama F.

Na kama kelele inaingia kwa waya wa umeme, ilishe redio moja kwa moja kutoka kwenye betri, kwa waya wake wenyewe wenye fyuzi karibu na betri. Upitishe mbali na waya za plagi.

Fanya jambo moja, kisha sikiliza, ndipo ufanye la pili. Ukifanya yote siku moja hutajua lipi lilisaidia. Mwisho endesha gari barabarani redio ikiwa wazi. Ukipita chini ya nyaya kubwa za umeme utaisikia ikikwaruza tena kwa muda. Hiyo haitoki kwenye gari lako. Pita tu.