Unauza klachi za gari za mbio mtandaoni? Muulize mteja mguu wake kabla hujapokea hela

Leo naleta somo lililonigharimu hela, tena hela ya kweli. Ni kuhusu klachi. Najua wengi humu mnauza madera, vipodozi na viatu, lakini wauza spea nao tupo, na leo zamu yetu.

Mie nipo Wesha, hapa hapa Pemba, upande zinakoondokea boti za kwenda Misali. Duka langu ni simu moja na rafu mbili za mbao sebuleni. Picha naweka WhatsApp na Instagram, mzigo naagiza Kariakoo au kwa jamaa yangu aliyeko Sharjah, unashuka Mkoani, naufuata. Wateja wangu wengi ni wa Hiace na vile vigari vya mizigo, Suzuki Carry. Gari za mbio huku kwetu ni chache, lakini mtandao hauna kisiwa, Unguja na Dar wananiona vilevile.

Basi bwana, akanijia kijana mmoja wa Chake. Ana Toyota Altezza RS200, ile ya gia sita za mkono. Akaandika: "Kaka, klachi inateleza. Nataka ya resi, kali kuliko zote." Mie nikasoma "kali kuliko zote" nikaona faida tu. Sikuuliza hata swali moja. Nikamwagizia pleti ya vidonge vya seramiki pamoja na presha pleti ya springi nzito. Akalipa yote kwa simu kabla mzigo haujafika. Nikajiona hodari.

Siku ya nne tangu ifungwe, ikaingia sauti. "Kaka, goti linaniuma. Halafu nampeleka mama hospitali Mkoani, kila nikiondoa gari inaruka kama punda aliyechapwa. Mama kasema hapandi tena."

Sasa hapo ndipo biashara inapokushika koo. Klachi imeshafungwa, imeshatumika, siwezi kuiuza tena kama mpya. Nikimkatalia, Chake ni mji mdogo, fundi wake ndiye fundi wa nusu ya wateja wangu. Tukakubaliana: nimrudishie nusu ya hela, na gharama ya kushusha giaboksi mara ya pili tugawane. Faida ya miezi miwili ikaenda.

Nikakaa na fundi kibarazani kwake anieleze, na nimekuwa nikijifunza tangu siku hiyo. Nawapa niliyoyapata.

Kwanza, elewa klachi inapata wapi nguvu ya kushika. Ni mambo manne: presha pleti inabana kwa nguvu kiasi gani, sehemu ya pleti inayokwaruza imetengenezwa kwa kitu gani, pleti ina upana gani, na nyuso ngapi zinagusana. Ukiongeza lolote kati ya hayo, klachi inabeba injini kubwa zaidi. Lakini mguu wa dereva unaujua moja tu kati ya hayo manne, nalo ni kubana. Springi ya presha pleti, ile yenye vidole kama ua, ndiyo anayoisukuma kila akikanyaga. Springi ikiwa nzito zaidi, pedali nayo nzito zaidi. Kwa hiyo klachi mbili zinaweza kubeba nguvu sawa, moja ikamchosha mtu na nyingine asiisikie.

Hapa ndipo nilipokosea mara mbili kwa mpigo. Mteja akisema "klachi ngumu", anaweza kuwa anasema mambo mawili tofauti kabisa. La kwanza ni uzito wa pedali chini ya mguu. La pili ni jinsi klachi inavyoshika ukiachia: inashika polepole, au inashika ghafla gari ikaruka. La kwanza linatokana na springi. La pili linatokana zaidi na kile kinachokwaruza, na kama katikati ya pleti mna springi ndogo za kupunguza mshtuko au hamna. Kijana wangu nilimpa yote mawili, pedali nzito na kushika ghafla. Goti lake lilikuwa likilalamikia la kwanza, mama yake la pili.

Seramiki inastahimili joto kali na inashika kwa nguvu, ndiyo maana wanaoshindana wanaipenda. Lakini haina katikati, ama imeachia ama imeshika. Barabara zetu za Pemba ni milima na mabonde, unasimama kwenye mwinuko nyuma ya gari ya abiria, unaondoka, unasimama tena. Hapo seramiki ni adhabu. Pleti ya kawaida ya kuzunguka mzima, ile inayofanana na ya kiwandani, inateleza kidogo kabla ya kushika, na huko kuteleza kidogo ndiko kunakomfanya abiria asimwage chai. Kati ya hizo mbili ipo ya Kevlar, inadumu na inashika kwa ulaini, ila haipendi kuunguzwa. Dereva akiilazimisha akaichoma, hairudi kuwa ile ya mwanzo. Mie siipendekezi kwa kijana mwenye mguu wa haraka.

Ipo pia klachi ya pleti mbili. Hii ni akili kubwa: ukiongeza pleti ya pili unaongeza nyuso zinazogusana, kwa hiyo huhitaji springi nzito kupata nguvu ileile. Pedali inaweza kubaki nyepesi huku injini ni ya tabo iliyofunguliwa kweli kweli. Tatizo ni bei, na nyingine zinapiga kelele ukikanyaga pedali gari imesimama. Mteja asiyeambiwa kelele hiyo mapema atakupigia usiku akidhani giaboksi imekufa.

Sasa hesabu. Injini ya Altezza RS200 inatoa Nm 216 za nguvu ya mzunguko, na ya kijana wangu haijaguswa. Kipimo changu mie ni klachi inayobeba kama theluthi moja zaidi ya injini. Kwake hiyo ni kama Nm 290. Ile niliyomuuzia ilikuwa ya injini yenye nguvu mara mbili yake! Zaidi ya hapo mteja analipia uzito wa mguu tu, hapati kasi. Muombe muuzaji wako wa Sharjah au Dar akutumie namba ya bidhaa na kiwango cha Nm kilichoandikwa na mtengenezaji. Akikujibu "hii ya resi, kali sana", hajakujibu.

Na maneno ya "steji 1", "steji 2" msiyaamini kwa jina. Kila kampuni ina steji zake. Kwa Exedy, kwa mfano, steji 1 ni pleti ya kawaida iliyoongezwa nguvu na steji 2 ni ya vidonge, lakini kwa kampuni nyingine steji 2 inaweza kuwa kitu kingine kabisa. (Wazee wakikuulizia "Daikin", ni hiyohiyo Exedy, jina lilibadilika mwaka 1995. Usimwambie mtu haipo.)

Lakini lililoniuma zaidi ya yote ni hili. Fundi aliposhusha giaboksi mara ya pili alimwambia kijana alete ile pleti ya zamani iliyokuwa kwenye buti. Ilikuwa imelowa oili. Sili ya nyuma ya injini ilikuwa inavuja, oili inadondokea kwenye klachi, ndiyo maana ilikuwa inateleza. Klachi yake haikuwa dhaifu! Angebadilisha sili na kufunga klachi ya kiwandani, angekuwa barabarani kwa chini ya nusu ya hela. Swali moja tu kwenye simu, "nipigie picha pleti ya zamani", lingetuokoa wote wawili.

Kwa hiyo siku hizi, kabla sijataja bei, namuuliza mteja gari inakwenda wapi kila siku na nani mwingine anaiendesha. Namuuliza injini imeguswa au ni ya kiwandani. Namuomba picha ya pleti ya zamani ikiwa na futi juu yake ili nione upana, na nihesabu meno ya tundu la katikati, kwa sababu gari za jina moja zinatofautiana. Subaru Impreza ndiyo balaa, zipo ambazo klachi inafanya kazi kwa kusukumwa na zipo za kuvutwa, na haziingiliani.

Akisema pedali ni nzito, namuuliza tangu lini. Klachi inapozeeka na pleti ikala, vidole vya springi hubadilika mkao na pedali huwa nzito zaidi, kwa hiyo huenda anachokilalamikia ni uchakavu, na mpya yoyote ya kiwandani itamfurahisha. Au waya wa klachi umekauka, au ile uma inayosukuma beringi haina grisi, au masta ya klachi ya juu na ya chini zimechoka. Wapo mafundi wanaofunga masta ya juu yenye tundu dogo ili pedali iwe nyepesi. Inasaidia, lakini pedali inasogea mbali zaidi kwa kazi ileile, na ikizidi klachi haiachii yote, gia zinasaga. Usiuze dawa hiyo kama hujui gari.

Kijana nilimletea pleti ya kuzunguka mzima yenye springi za katikati na presha pleti iliyozidi ya kiwandani kidogo tu, na sili mpya. Nikamwambia asikimbize gari kilomita 800 za mwanzo, pleti izoeane na chuma. Akacheka, "Kaka, Chake Mkoani kwenda na kurudi ni kama kilomita 60, hizo ni safari kumi na tatu!" Nikamwambia ahesabu. Alihesabu. Mama anapanda.

Kwenye matangazo yangu sasa kila klachi ina mstari mmoja wa ziada chini ya bei: "Mguu: kama ya kiwandani", au "mguu: nzito kidogo, inashika taratibu", au "mguu: nzito, inashika ghafla, si ya foleni." Mauzo ya zile nzito yamepungua, ndiyo. Kurudishiwa mzigo kumekwisha.

Ile ya seramiki bado ipo kwenye rafu hapa Wesha, imefutwa vumbi, imetumika siku nne. Mwenye gari ya mashindano anikaribie inboksi, ila aje na picha ya pleti yake ya zamani.