Mwiba wa Ebola na Uboho wa Kikwit

Mwaka 1995 Ebola iliushambulia mji wa Kikwit, kusini-magharibi mwa Kongo, ikaua takriban watu 250. Mmoja wa waliopona alitoa uboho wake, na humo watafiti wakapata kingamwili waliyoipa jina la KZ52. Baadaye ilitumiwa katika maabara ya Erica Ollmann Saphire, mtafiti kijana wa Taasisi ya Scripps huko California.

Juu ya kirusi cha Ebola zimechomoza protini za aina moja tu. Hizo ndizo zinazonasa seli ya binadamu na kukipenyeza kirusi ndani. Anayetaka kuzizuia lazima ajue umbo lake, nazo ni ndogo mno kwa hadubini ya kawaida. Saphire, Jeffrey Lee na wenzao waliamua kuigeuza protini hiyo iwe fuwele, kisha waipige eksirei na kukokotoa mahali pa atomu kutokana na jinsi mionzi inavyotawanyika. Ilikuwa kazi ya miaka. Protini hiyo imejaa sukari na hucheza-cheza, na kitu kisichotulia hakigeuki fuwele kwa urahisi. Walipopunguza sehemu zake na kuifunga kwa KZ52, ikatulia.

Umbo lake lilichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2008. Protini tatu zimeshikana zikafanya bakuli. Sukari imefunika juu na ubavuni, ndiyo maana kinga ya mwili hupata taabu kuitambua. Kitako ndicho kilicho wazi zaidi, na hapo ndipo KZ52 ilipong'ang'ania.

Serikali ya Marekani ilimtunukia Saphire tuzo ya Rais kwa wanasayansi na wahandisi walio mwanzoni mwa kazi zao, heshima ya juu kabisa inayowapa watafiti wa rika hilo. Alistahili. Lakini habari hiyo haijakamilika bila yule mgonjwa wa Kikwit, maana fuwele ile ilikuwa na mchango wa mwili wake.

KZ52 haikuwa tiba. Ilipojaribiwa kwa nyani haikuwalinda. Ramani ya umbo la protini, hata hivyo, ilibaki. Mwaka 2014, Ebola ikiteketeza Afrika Magharibi, kundi la Saphire lilionyesha kuwa kingamwili mbili kati ya tatu za dawa ya ZMapp hushika eneo hilohilo la kitako.

Kingamwili nyingine, mAb114, nayo ilitoka kwa mtu aliyepona Kikwit, ila yenyewe hushika ndani ya bakuli. Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliijaribu mashariki mwa Kongo kuanzia 2018, wakiilinganisha na ZMapp. Kati ya waliotibiwa kwa ZMapp, karibu nusu walifariki. Kwa mAb114, asilimia 35.