Mwiba Hutokea Ulipochomea: Utangulizi wa Somo la Hofu ya Sindano

Uwe muuguzi wa zahanati ya Nuu, mzazi wa Migwani au mwanafunzi ambaye bado anachagua la kusomea, nafasi yako ipo katika somo hili. Tuanzie kwenye benchi la kliniki, hapa Mwingi, Kenya.

Mtoto wa miaka minne amepakatwa na mamake. Hajaguswa bado. Anaitazama trei: pamba, kichupa cha dawa, kisanduku cha kutupia sindano zilizotumika. Harufu ya spiriti inapomfikia, vidole vyake vinaishika leso ya mama na kuikunja. "Haiumi," mama anamwambia. Punde si punde atajua kuwa inauma na kuwa amedanganywa. Alama ya sindano itafutika kesho. Ule uongo atarudi nao kliniki safari ijayo.

Wengi huku huiita hofu hii udeko. Nakataa kabisa. Yuko mrina asali anayechomwa na nyuki kumi kwenye mzinga asitoe sauti, lakini akidungwa sindano moja anaanguka. Basi si maumivu yanayomwangusha. Hofu nyingi huupandisha moyo mbio na kuuacha hukohuko juu. Hii, kwa baadhi ya watu, hupandisha kisha huangusha ghafla: mapigo yanapungua, shinikizo la damu linashuka, kichwa kinakosa damu ya kutosha. Jasho baridi, macho kiza, chini. Ukimhoji mtu kama huyo, mara nyingi atakwambia kuna mzazi au ndugu yake aliye hivyohivyo.

Ndiyo maana ushauri wetu wa kila siku, "legeza mwili", haumfai anayezimia. Katika miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, na wenzake walifundisha kinyume chake. Kaza misuli ya mikono, miguu na kiwiliwili kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka uso uhisi joto. Achia kwa sekunde 20 hadi 30. Rudia mara 5. Kukaza huko hupandisha shinikizo la damu. Fanya mazoezi nyumbani siku kadhaa kabla, na siku yenyewe uuache mkono unaodungwa ulegee, ikiwezekana ukiwa umelala. Asiyezimia ila anatetemeka na kukimbia, huyo ndiye wa kupumua taratibu.

Wote wawili huhitaji kuizoea sindano kwa hatua: picha kwanza, kisha bomba tupu la sindano mkononi, kisha kukaa chumbani mwenzako akidungwa. Mwiba hutokea pale ulipochomea, na hofu iliyoingia kwa macho na pua hutolewa kwa njia hizohizo, polepole.

Kwa nini tujisumbue? Fikiria kichaa cha mbwa. Kaunti ya Makueni, jirani yetu, ni miongoni mwa zilizochaguliwa kuanzisha mpango wa Kenya wa kuutokomeza ugonjwa huo ifikapo 2030, nasi tunajua kwamba dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Chanjo baada ya kuumwa huokoa, lakini humtaka mtu arudi hospitalini mara kadhaa. Hapo bado panatembea hadithi ya sindano za tumboni. Haikuzuka hivi hivi: Julai 1885, mjini Paris, mvulana Joseph Meister, wa miaka 9, alidungwa sindano 13 tumboni chini ya usimamizi wa Louis Pasteur, na chanjo za namna hiyo ziliendelea kwa miongo mingi. Leo hudungwa kwenye mkono wa juu, nazo ni chache. Ninavyoona mimi, hatari kubwa haiko kwenye sindano ya kwanza, maana kidonda kibichi humsukuma mtu kwenda. Iko kwenye ya tatu, kidonda kikiwa kimekauka na hofu ikiwa bado mbichi.

Kwa hiyo turudi kwenye lile benchi. Muuguzi anayelijua somo hili huinama kidogo na kumwambia mama, "Mwaitu, usimwambie haiumi. Mwambie itauma kidogo, kama mwiba wa mgunga, nasi tutahesabu pamoja mpaka tano."