Tuko Wangapi, na Nani Ametuhesabu?

Leo tunazungumza juu ya hesabu ya watu. Mnajua maneno yanayosemwa kisimani na sokoni: "Hawa waliokuja wamekwisha kutupita wenyeji." Mtu akikuambia hivyo, umuulize kwa upole: nani aliwahesabu?

Nchi yetu ilihesabu watu wote mara ya mwisho mwaka 1984. Tulikuwa karibu milioni 30. Maniema ilikuwa bado ndani ya Kivu, haijawa jimbo. Tangu pale tunaishi kwa makadirio, na yale ya Umoja wa Mataifa yanapita milioni 100.

Tazameni Sudan. Vita vya kaskazini na kusini vilikwisha kwa mapatano ya mwaka 2005, na hesabu ya watu ilikuwa ndani ya mapatano hayo, kwa sababu viti vya utawala viliifuata. Watu wakahesabiwa mwezi wa nne mwaka 2008. Kusini, kwenye mafuta mengi ya petroli, ikapewa milioni 8 na kidogo katika milioni 39. Wakubwa wa kusini wakakataa. Ugomvi mmoja ulikuwa wa watu wa kusini waliokimbilia kaskazini: walioandikwa kule walikuwa nusu milioni na kidogo, kusini ikasema ni wengi zaidi. Sudan Kusini ikapata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na mwezi wa kumi na mbili 2013 vita vikawaka tena, safari hii kati yao wenyewe. Sisemi hesabu ndiyo iliyoleta vita. Nasema watu wasioaminiana hawaamini hata hesabu.

Turudi kwetu. Ni kweli mashamba yanabana, lakini msiwatwike wageni mzigo wote. Mwanamke wa Kongo huzaa watoto kama sita, na karibu nusu ya watu wote hawajafika miaka 15. Hata kama kila nyumba ingeanza leo kuzaa wawili tu, bado tungeongezeka miaka mingi, maana mama za kesho wamekwisha kuzaliwa. Baba mwenye shamba moja akiwagawia wana sita, shamba halipati tena nafasi ya kupumzika. Mihogo inapungua, na ndugu wa tumbo moja wanashtakiana kwa kapita. Hapo hakuna mgeni.

Ninyi wakubwa wa vijiji, orodha ya msaada ni ya msaada tu. Jina la mtu kuandikwa pale halimpi shamba la mwenyeji, wala halimwondolei lake alikotoka. Mlitangaze hilo mbele ya wote, kabla uvumi haujatangulia. Tena mwandike pamoja nyumba zilizopokea na zilizopokewa, na tarehe, kwa sababu watu wanahama tena kila risasi ikilia.

Na wewe mama uliyejifungulia ukimbizini, usingoje kurudi kijijini ndipo umwandikishe mtoto. Tangu sheria ya mwaka 2016, mzazi ana siku 90 za kumtangaza kwa etasivili, zikihesabiwa toka siku ya kuzaliwa.