Mafuta yasiponata, vyuma husagana

MWENYE gari akiulizwa kwa nini injini hutiwa oili, aghalabu hujibu kwamba mafuta huteleza, na kwa hivyo vyuma navyo huteleza. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Mafuta hulinda mashine kwa kuwa yananata kwenye chuma. Yakianza kuponyoka juu ya chuma hicho, utando unaotenganisha vyuma viwili huweza kupungua unene hadi vikagusana.

Siri hiyo ilianza kufichuka nchini Uingereza mnamo 1883, wakati mhandisi Beauchamp Tower alipokuwa akichunguza beringi za ekseli za magari ya reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili aweke kifaa cha kutilia mafuta. Mtambo ulipozunguka, mafuta yalifoka kupitia tundu hilo. Aliliziba kwa koki, kisha kwa kipande cha mti, na vyote viwili vikasukumwa nje. Alipoweka kipimo, shinikizo lilizidi maradufu wastani wa mzigo uliokuwa juu ya ekseli. Yaani, chuma kile kizito kilikuwa kikielea.

Mwaka wa 1886, Osborne Reynolds wa Manchester alieleza sababu. Shafti inayozunguka huyaburuta mafuta yaliyoishika hadi penye nafasi inayozidi kuwa nyembamba mithili ya kabari, na huko yakabanwa na kuinua mzigo. Hesabu zake zilichukulia kwamba tabaka la mafuta linalogusa chuma haliponyoki hata chembe: upande wa shafti huenda kwa kasi ya shafti, na upande wa beringi hutulia tuli. Wahandisi wameitegemea kanuni hiyo kwa zaidi ya karne moja, na kwa mashine nyingi ingali inafaa.

Shaka ilizuka wanasayansi walipoanza kupima tando nyembamba mno. Katika maabara imebainika kwamba kwenye nyuso laini sana ambazo hazipendi mafuta, kioevu huweza kuteleza. Utelezi huo hupimwa kwa kuuliza swali moja: ukuta ungerudishwa nyuma kiasi gani ili kioevu kionekane kimenata? Tuseme jibu ni milimita 20 zilizogawanywa kwa milioni. Kwa utando wenye unene wa elfu moja ya milimita, ambao tayari ni mwembamba mara 70 hivi kuliko unywele, hilo si kitu. Kwa utando wa milimita 50 zilizogawanywa kwa milioni, ni jambo zito.

La muhimu zaidi ni upande gani unaoteleza. Mafuta yakiponyoka kwenye uso unaosogea, hayaburutwi vya kutosha kuingia katika kabari, na utando hupungua. Yakiponyoka kwenye uso uliotulia pekee, mambo hubadilika. Mnamo 2003, Hugh Spikes wa Imperial College jijini London alichapisha hesabu za beringi ya namna hiyo, ambayo upande mmoja hunatwa na mwingine haunatwi. Uwezo wa kubeba mzigo hupungua hadi karibu nusu, lakini msuguano hushuka kwa kiwango kikubwa zaidi. Beringi hiyo ingefaa mitambo midogo yenye mizigo hafifu. Kwa gia za lori, hapana.

Suala hili lina uzito hasa sasa, kwani watengenezaji wa magari wamekuwa wakipendekeza oili nyepesi, kama ile ya daraja la 0W-16, ili kuokoa petroli. Oili yenye mnato mdogo hujenga utando mwembamba. Hiyo si ruhusa ya kutia oili nzito kiholela, kwani injini hizo zimeundwa kwa kuzingatia daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika kwenye beringi asubuhi ya baridi, wakati shafti haijazunguka vya kutosha kuburuta chochote na vyuma bado vimelaliana.