Kamba za Panipat

Vita vya Panipat, kaskazini ya Delhi, Aprili 1526, husimuliwa kwa pumzi moja: Babur alitoka Kabul, akamshinda Sultani Ibrahim Lodi, dola ya Mughal ikazaliwa. Mimi nimenasa kwenye kamba.

Babur aliandika kumbukumbu zake mwenyewe, na habari za matayarisho anazieleza kwa utulivu wa fundi. Kila askari aliagizwa alete mikokoteni kadiri ya uwezo wake, ikapatikana 700. Ustad Ali Quli, bingwa wake wa silaha za moto, akaambiwa aiunganishe kwa mtindo wa Waturuki wa Uthmaniya, lakini kwa kamba za ngozi ya ng'ombe badala ya minyororo. Ngozi mbichi iliyosokotwa, ikikauka, hujikaza kwelikweli. Baina ya kila mikokoteni miwili zikasimikwa ngao kubwa tano au sita, na wenye magobori ya utambi wakajipanga nyuma yake. Hata hivyo boma halikuzibwa lote. Hapa na pale iliachwa mianya, ili wapanda farasi 100 au 150 wachomoke kwa pamoja. Kulia, nyumba za mji zilitosha kuwa kinga. Kushoto wakachimba mahandaki na kurundika matawi.

Kwa makadirio ya Babur, Ibrahim alikuja na watu 100,000 na tembo karibu 1,000, na yeye Babur alikuwa na 12,000 tu. Jeshi lile lilikuja mbio, likaliona boma, likasita. Vikosi vya pembeni vya Babur vikalizunguka jeshi hilo kwa mishale. Kufikia adhuhuri mambo yalikuwa yamekwisha.

Babur anamponda Ibrahim: bahili, mchanga wa vita, asiyejua kupanga safari wala kambi. Inauma kusoma hukumu hiyo, kwa kuwa anayeitoa ndiye aliyeshinda, na Ibrahim hakuacha kitabu. Daulat Khan, gavana wake mwenyewe wa Punjab, alikuwa amemwalika Babur. Hata hivyo Ibrahim hakukimbia; maiti yake ilikutwa katikati ya maelfu ya watu wake.

Lakini mikokoteni ile 700 ilikuwa ya nani? Jeshi lilikuwa ugenini, na Babur anataja idadi tu. Aprili ni mwezi wa kuvuna ngano katika tambarare zile. Mkulima aliyechukuliwa mkokoteni alisombea nini mavuno yake? Alilipwa? Na kamba zilipokatwa, kuna aliyerudishiwa mali yake?