Sura ya Sita: Nane ya Nani?

Kwenye mitumba ya Karume, Dar es Salaam, hakuna chumba cha kujaribia nguo. Binti akiipenda jinzi, muuzaji humwambia aifunge kifungo, ashike kiuno chake huku na huku, kisha akizungushe shingoni kama anayevaa mkufu. Ncha zikikutana kisogoni, suruali itamkaa. Zikipishana, itampwaya, zisipofikiana, airudishe kwenye lundo. Lebo ataisoma, lakini ni kwa kutafuta jina la kampuni tu. Namba iliyochapwa chini ya jina hilo haimsumbui. Wazoefu wa mitumba wanajua kwamba ndani ya belo moja la jinzi za wasichana kutoka Marekani unaweza kukuta moja ya 4, nyingine ya 8 na nyingine ya M, na ukizilaza moja juu ya mwenzake viuno vikalingana.

Jinzi hiyohiyo, kabla haijapanda meli, ilikaa kwenye rafu ya duka ambako namba ile ilikuwa na uzito mkubwa. Mfikirie msichana wa miaka 14 anayeingia nayo chumbani, anavuta pazia, anashindwa kuipitisha mapajani, halafu anatoka akiamini kwamba kasoro iko kwenye mapaja. Sura hii inaeleza jinsi imani hiyo inavyoshonwa: kwa lebo upande mmoja, kwa tangazo upande wa pili.

Namba isiyopima kitu

Katika Kiswahili cha mtaani tunayo nane yetu. Mwanamke mwenye umbo namba nane ni yule aliyebonyea kiunoni, juu na chini akajazia. Hiyo ni tarakimu iliyochorwa. Ukimtazama mtu unaiona. Nane ya lebo ya Kimarekani haichori chochote. Haina inchi nane wala sentimita nane za kiungo chochote cha mwili. Basi ilitoka wapi?

Mwaka 1939 Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo wakati huo ilisimamia pia masuala ya uchumi wa nyumbani, ilianza kupima wanawake kwa ajili ya viwanda vya nguo. Kazi hiyo iliongozwa na Ruth O'Brien na William Shelton. Walipimwa wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59, na matokeo yakachapishwa mwaka 1941. Tangu siku ya kwanza picha hiyo ilikuwa na pengo: vipimo vya wanawake wasio Wazungu viliwekwa kando wakati wa kupiga hesabu. Mwaka 1958 ukatoka mwongozo rasmi wa saizi, ambao kampuni zilikuwa huru kuufuata au kuuacha. Ndani yake, saizi ya 8 ilikuwa ya mwanamke mwenye kifua cha inchi 31 na kiuno cha inchi 23 na nusu.

Mwongozo huo ulifutwa mwaka 1983. Jedwali jipya la hiari lililotolewa mwaka 1995 na chama cha viwango cha ASTM liliipa saizi ya 8 kifua cha inchi 35 na kiuno cha inchi 27. Nane imebaki nane, lakini nguo imetanuka inchi nne kifuani. Wafanyabiashara walikuwa wamegundua kwamba mteja anayeingia kwenye namba ndogo hutoka dukani na furaha pamoja na mfuko wa bidhaa, hivyo kila kampuni ikaanza kupunguza namba kwa kiasi chake. Ni kumpaka mteja mafuta kwa mgongo wa chupa. Tabu ni kwamba kampuni hazikupaka kwa kiwango kimoja. Msichana anayevaa 4 duka hili na 8 duka la jirani hajanenepa njiani. Amehama kutoka kwa mwongo mmoja kwenda kwa mwingine.

Kiwandani nako kuna jambo ambalo mteja halioni. Nguo hukatwa kwanza kwa saizi moja ya kati na kujaribiwa juu ya mwanamitindo mmoja aliyeajiriwa kwa ajili ya umbo lake. Ikimkaa vizuri, kiolezo chake hupanuliwa na kupunguzwa kwa hatua zilizopangwa ili kupata saizi nyingine. Miili haikui kwa hatua za namna hiyo. Mtu anaweza kuongezeka nyonga bila kuongezeka kiuno, au kifua bila mabega. Kadiri ulivyo mbali na yule dada wa kiwandani, ndivyo nguo inavyozidi kukukataa, hata kama saizi yako imeandikwa.

Nguo ambayo haikushonwa

Lebo inaweza kumdanganya mteja. Inaweza pia kumfukuza, na hapo hakuna mfano bora kuliko Abercrombie & Fitch. Duka hilo lilianza New York mwaka 1892 likiuza vifaa vya kambi na uwindaji. Ndilo lililomwandaa Theodore Roosevelt kwa safari yake ya kuwinda Afrika Mashariki mwaka 1909. Karne moja baadaye lilikuwa duka la vijana. Chini ya Mike Jeffries, aliyeliongoza kuanzia mwaka 1992, madirisha yalifunikwa, taa zikafifishwa, muziki ukapandishwa, manukato yakapulizwa hewani, na mlangoni wakasimama vijana wa kiume waliovua mashati. Wauzaji hawakuitwa wauzaji, waliitwa wanamitindo. Mnunuzi wa miaka 15 alihudumiwa na watu waliochaguliwa kwa sura.

Mwaka 2006 Jeffries aliliambia jarida la Salon, bila kuzunguka, kwamba analenga vijana wa kuvutia na wenye marafiki wengi, kwamba kuna watu wasiostahili kuvaa nguo zake, na kwamba ndiyo, huo ni ubaguzi wa makusudi. Maneno hayo yalipita kimya. Yaliibuka upya mwaka 2013 mtu mmoja wa sekta ya rejareja alipoonyesha kwamba duka hilo halikuwa na XL wala XXL kwa wasichana, na suruali zao ziliishia saizi ya 10, wakati washindani kama American Eagle walifika 18. Wavulana waliwekewa XL na XXL. Mvulana mkubwa alihesabiwa mwanamichezo. Msichana mkubwa hakuhesabiwa.

Ukimya wa rafu ni tangazo. Bango humwambia msichana umbo linalopendwa ni lipi, na anaweza kubisha, akasema hao ni watu wa picha. Rafu isiyo na saizi yake haibishiwi. Inamwambia kwamba hata walioshona hawakumfikiria.

Brandy Melville, kampuni yenye asili ya Italia iliyofungua duka lake la kwanza Marekani mwaka 2009 jijini Los Angeles karibu na chuo kikuu cha UCLA, ilikwenda mbali zaidi: nguo zake nyingi zikawa na saizi moja tu. Lebo ilidai kwamba saizi hiyo inamwenea kila mtu; baadaye ikalegeza, ikasema inawaenea wengi. Ilikuwa ndogo. Haikuhitaji mabango makubwa, kwani picha za wasichana wembamba, wengi wao Wazungu, zilienea Instagram kana kwamba ni picha za marafiki. Kwenye duka lenye saizi sita, nguo ikikubana unaomba inayofuata. Kwenye duka lenye saizi moja hakuna inayofuata. Kinachobaki cha kubadilishwa ni mwili.

Nyuma ya pazia

Wanasaikolojia huita taswira ya mwili ile picha ambayo mtu anayo kichwani kuhusu mwili wake, pamoja na jinsi anavyojisikia akiitazama. Picha hiyo haitoki kwenye kioo peke yake. Mwaka 1954 Leon Festinger alieleza kwamba binadamu, pale asipokuwa na kipimo cha uhakika, hujipima kwa wenzake. Na uzuri hauna tepe. Msichana hujilinganisha na aliye mbele ya macho yake, na tangazo linahakikisha kwamba aliye mbele ya macho yake ni mmoja kati ya maelfu, aliyepakwa vipodozi, akapigwa taa, kisha akarekebishwa kwenye kompyuta.

Wakati wenyewe ni mbaya. Balehe humwongezea msichana mafuta kwenye nyonga na mapaja, na mifupa ya nyonga hupanuka. Ndivyo mwili wenye afya unavyofanya kazi yake. Lakini kila mwezi unaopita unamtoa kwenye wembamba wa bangoni. Jinzi ya Januari inagoma Agosti, naye anasoma kukua kama kuharibika.

Jaribio moja maarufu lililochapishwa mwaka 1998 na Barbara Fredrickson na wenzake lilifanyika katika mazingira yanayofanana sana na dukani. Wanafunzi wa chuo, wa kike na wa kiume, waliambiwa wanatathmini bidhaa. Kila mmoja aliingia peke yake kwenye chumba chenye kioo, wengine wakavaa sweta, wengine vazi la kuogelea. Wakiwa wamevaa hivyo, walipewa mtihani wa hesabu. Wanawake waliovaa vazi la kuogelea walipata alama za chini kuliko wanawake wenye sweta. Kwa wanaume vazi halikubadilisha alama. Hakuna aliyewatazama wala kuwasema. Sehemu ya akili iliyotakiwa kupiga hesabu ilikuwa kazini kwingine, ikikagua mwili kwa macho ya mtu ambaye hayupo.

Tusikuze mambo. Picha moja haimfanyi mtu augue. Mwaka 2002 watafiti watatu, Groesz, Levine na Murnen, walikusanya majaribio 25 na kuona kwamba wanawake hujisikia vibaya zaidi kuhusu miili yao baada ya kutazama picha za wanamitindo wembamba, na kwamba athari ni kubwa zaidi kwa walio chini ya miaka 19 na kwa wale ambao tayari walikuwa na donda. Nguo za vijana zinauzwa kwa kundi hilohilo.

Wavulana hawakupona. Wale wa mlangoni mwa Abercrombie, wenye matumbo yaliyogawanyika vipande sita, walikuwa bango linalotembea. Balehe humsogeza mvulana kuelekea misuli hiyo, lakini haiji kwa wote siku moja. Anayechelewa hujiona ameachwa na basi.

Wanene wa Fiji

Msomaji wa Mwanza au Mombasa anaweza kusema hayo ni ya Wazungu. Kwetu mtu akirudi likizo huambiwa "umenenepa" kwa kusifiwa. Fiji nako walikuwa hivyo. Mwili ulioshiba ulikuwa sifa ya familia inayotunza watu wake. Mwaka 1995 televisheni ilipofika katika mkoa wa Nadroga, mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa sekondari: hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Aliporudi mwaka 1998 na kuwahoji wasichana wa rika hilohilo, asilimia 11.3 walisema hivyo. Sifa za mabibi zilikuwa bado zipo. Zilikuwa zimepata mshindani mwenye sauti kubwa, naye aliingia sebuleni kila jioni.

Sheria na faida

Serikali zimejaribu kuingilia. Ufaransa, tangu Oktoba 2017, inataka picha ya tangazo iliyobadilisha umbo la mwanamitindo iandikwe kwamba imerekebishwa. Nia ni njema, ila majaribio mengi yameonyesha kwamba maandishi hayo hayampunguzii mtazamaji uchungu: macho yameshaona. Argentina ilianzia kwenye rafu. Jimbo la Buenos Aires lilitunga sheria ya saizi kwa maduka ya nguo za wasichana mwaka 2001, na mwaka 2019 nchi nzima ikapata sheria ya saizi zinazotokana na kupima raia wenyewe. Hispania ilipima wanawake 10,415 wa miaka 12 hadi 70 na kutangaza mwaka 2008 kwamba wamegawanyika katika maumbo matatu: mcheduara, kengele, na lile ambalo sisi tungeliita namba nane.

Soko nalo lilisema neno lake. Mwaka 2014 Aerie, chapa ya nguo za ndani ya American Eagle, iliacha kurekebisha miili kwenye picha zake, na biashara ikakua. Jeffries aliondoka Abercrombie mwishoni mwa mwaka huo. Mwaka uliofuata mashati yalirudi mwilini na wauzaji wakaacha kuitwa wanamitindo. Kampuni ilianza kushona jinzi zenye nafasi ya ziada kwenye nyonga na mapaja, na mwaka 2023 bei ya hisa zake ilipanda zaidi ya mara tatu. Wale waliofukuzwa mlangoni walikuwa na pesa muda wote.

Wakati huohuo, Desemba ikifika, mama wa Tanzania anampeleka binti yake kwa fundi cherehani kushonewa sare. Fundi anavuta tepe shingoni, anapima bega, kifua, kiuno, nyonga na urefu, anaandika kwenye daftari lenye madoa ya mafuta ya mashine. Fundi naye ana mdomo. Atasema binti amejazia. Lakini akishasema, anaiongeza nguo. Pembeni mwa mshono anaachia kitambaa, na chini ya sketi anakunja pindo la inchi tatu. Kufikia Juni pindo litafumuliwa. Chini ya sketi utaonekana utepe wa rangi iliyokoza, pale ambapo jua na sabuni hazikuwahi kufika, na darasa zima litajua kwamba fulani amekua.